Mgongo Ukikamata Ghafla: Kinachotokea Ndani na Tiba Inayosaidia

Mtu ameinama kuokota ndala chini ya kitanda. Hajabeba kitu, hajaanguka, hajagongwa. Kabla hajanyooka, kiuno kinakamata. Misuli ya pande zote mbili za uti wa mgongo inakuwa migumu kama ubao, pumzi inakatika, na anabaki ameinama vilevile huku ameshika ukingo wa kitanda. Kila akijaribu kusimama wima, maumivu yanamrudisha chini.

Jirani akiitwa atasema ni figo. Mwingine atasema pingili zimepishana. Wa tatu atakumbuka habari za shemeji yake ambaye alianza hivihivi na leo hatembei. Kufika jioni mgonjwa ana maumivu, na juu ya maumivu ana hofu, na hofu hiyo ndiyo itakayomlaza kitandani wiki nzima asithubutu hata kugeuka.

Ninaandika makala hii kwa sababu nimeona hofu hiyo ikiwaumiza watu kuliko mkazo wenyewe. Kwa walio wengi, ukali wa maumivu ya mgongo haulingani kabisa na ukubwa wa madhara yaliyopo ndani. Mtu anaweza kulia kwa maumivu huku mgongo wake hauna kilichovunjika, na akapona ndani ya siku au wiki chache kwa njia zisizo na gharama. Wapo pia wachache ambao mgongo wao unakaza kwa sababu ya ugonjwa unaotaka hospitali haraka, wengine siku hiyohiyo. Makundi haya mawili yanafanana kwa macho, na ndiyo maana inafaa kuelewa kwanza mgongo unakaza vipi.

Kwa nini misuli inakaza

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojongea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, na chini yake zipo zile zilizoungana hadi kwenye kifandugu. Zile 5 za kiuno ndizo zinazobeba uzito mkubwa na ndizo zinazokamata mara nyingi zaidi. Pingili hizo haziwezi kusimama zenyewe. Watafiti waliochukua mifupa ya kiuno ya maiti, pamoja na kano zake lakini bila misuli, waliona inapinda na kuanguka kwa mzigo usiofika hata kilo 10. Kinachomwezesha mama kusimama na ndoo ya lita 20 kichwani ni misuli: ile midogo ya ndani inayofunga pingili moja kwa nyingine, ile mirefu inayopanda kutoka nyonga hadi shingoni, ile ya ubavuni inayoshika mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ya tumbo kwa mbele, na msuli mnene unaotoka kwenye pingili za kiuno, ukapita ndani ya nyonga hadi kwenye paja. Huu wa mwisho ukikaza, mtu hawezi kunyooka, anatembea ameinama mbele au ameegemea upande mmoja.

Ndani ya kila msuli kuna vipokezi vidogo vinavyopima umevutwa kiasi gani na kwa kasi gani. Ukivutwa ghafla, au kano na viungio vya pingili vikiguswa vibaya, taarifa inakwenda kwenye neva kuu iliyomo ndani ya uti wa mgongo na amri ya kukaza inarudi hapohapo, kabla ubongo haujapata nafasi ya kufikiri. Ni amri ya ulinzi. Mwili umehisi kuna kitu kiko hatarini, ukafunga eneo lote lisijongee.

Tatizo ni kwamba ulinzi huo unaweza kupita kiasi. Mshtuko mdogo kwenye kano moja unaweza kukaza misuli ya kiuno kizima, na misuli iliyokaza kwa muda mrefu yenyewe inachoka na kuuma. Mwaka 1942 daktari wa Marekani Janet Travell, ambaye baadaye alikuwa daktari wa Rais John F. Kennedy aliyesumbuliwa sana na mgongo, alieleza pamoja na wenzake kwamba maumivu huleta mkazo, na mkazo huleta maumivu zaidi, mzunguko usioisha. Maelezo hayo bado yanatolewa hospitali nyingi hadi leo. Vipimo vya umeme wa misuli vilivyofanyika baadaye vilionyesha picha yenye mchanganyiko zaidi: kwa baadhi ya watu wenye maumivu, misuli fulani inafanya kazi kupita kiasi huku jirani yake ikilegea, na kwa wengine misuli inayoonekana migumu kwa mkono haina mkazo mkubwa ikipimwa. Mwaka 1991 watafiti wakiongozwa na James Lund walipendekeza kwamba mwili wenye maumivu hubadilisha namna yote ya kutumia misuli ili kupunguza mwendo wa sehemu inayouma. Kwa mgonjwa, hili lina maana moja kubwa. Dawa ya kulegeza misuli peke yake haiwezi kuwa jibu, kwa sababu msuli unatii amri. Kinachotakiwa ni mfumo mzima wa neva upate uhakika kwamba kujongea ni salama.

Uhakika huo hauji kwa kulala. Nitalirudia hili kwenye tiba.

Nini huuchokoza

Watu hutafuta tukio kubwa la kulaumu: gunia, ajali, kuanguka bafuni. Mara nyingi halipo. Mwaka 2015 watafiti wa Sydney, Australia, waliwahoji wagonjwa 999 waliokuwa wametoka kupata maumivu makali ya mgongo, wakalinganisha saa zilizotangulia maumivu na saa za siku nyingine za watu haohao. Kubeba vitu katika mkao mbaya kulizidisha uwezekano mara 8. Kuwa na uchovu kulizidisha karibu mara 4. Lakini kilichoongoza kwa mbali, mara 25, ni kufanya kazi huku mawazo yako mahali pengine. Na maumivu mengi yalianza kati ya saa 1 asubuhi na saa 6 mchana.

Hilo la asubuhi lina maelezo yake. Usiku, ukiwa umelala, visahani vya kati ya pingili hunyonya maji na kuvimba kidogo. Unapoamka mgongo ni mgumu zaidi na kuinama kunauvuta zaidi kuliko kuinama jioni. Sasa fikiria asubuhi ya nyumba nyingi za kwetu: mtu anaamka usingizi haujamtosha, anainama kufagia uwanja kwa ufagio mfupi, anainama kudeki, anainua ndoo huku anamwita mtoto ajiandae kwa shule. Mwendesha bodaboda anapanda pikipiki alfajiri na kukaa juu yake kwa muda wa saa kumi au zaidi, mtetemo wa barabara mbovu ukipanda moja kwa moja kwenye kiuno. Hakuna tukio kubwa hapo. Kuna misuli iliyochoka na sekunde moja ya kutojiandaa.

Msongo wa mawazo nao unahesabika, na ninaomba usomwe kwa uzito wake. Mtu mwenye deni, msiba au ugomvi wa ndoa analala vibaya, misuli yake haipumziki, na mfumo wake wa neva unakuza kila ishara ya maumivu. Kumwambia hivyo si kumwambia kwamba anajifanya. Maumivu ni yaleyale na msuli umekaza kwelikweli. Wajawazito nao wana sababu yao: homoni hulegeza kano za nyonga ili mtoto apate njia, tumbo linavuta kiuno mbele, na misuli ya mgongo inalazimika kufidia. Zaidi ya hayo, aliyewahi kukamatwa mara moja ana uwezekano mkubwa wa kukamatwa tena kuliko ambaye hajawahi.

Kuhusu ndizi, maji na madini, nitasema kwa kifupi. Kupungukiwa maji na chumvi kunaweza kuleta mkakamao wa misuli, kama inavyoonekana kwa wagonjwa wa kipindupindu wanaobanwa miguu. Kwa mtu anayekula na kunywa kawaida aliyekamatwa kiuno, ushahidi kwamba vidonge vya magneziamu au ndizi mbili vitamfungua ni hafifu. Anywe maji kwa sababu anahitaji maji.

Figo, pingili na picha za hospitali

Figo zinasingiziwa mno. Ugonjwa sugu wa figo, ule unaofikisha watu kwenye kusafishwa damu, kwa kawaida hauumi mgongo kabisa, na ndiyo sababu wengi hugundulika wamechelewa. Figo zinazouma ni zile zenye maambukizi au mawe. Maumivu yake hukaa juu ya kiuno, chini ya mbavu, mara nyingi upande mmoja, na hayabadiliki sana ukigeuka au ukiinama. Huambatana na homa, kutetemeka, kichefuchefu, mkojo unaochoma au wenye damu. Kuna tofauti moja unayoweza kuiona kwa macho: mwenye jiwe la figo hatulii, anazunguka chumba kizima, anakaa, anasimama, anajiviringisha, lakini aliyekamatwa na misuli hataki hata kuguswa, anaganda mahali alipo kwa sababu kila mwendo unamuuma.

Linaloniumiza roho ni kwamba hofu ya figo huwapeleka watu dukani kununua diklofenaki na kuimeza kwa miezi. Dawa za kundi hilo, zikitumiwa muda mrefu, hasa na mwenye presha, kisukari au umri mkubwa, ni miongoni mwa vitu vinavyoharibu figo.

Halafu picha. Mgonjwa anayeweza kulipia hukimbilia eksirei au MRI, na majibu huja yamejaa maneno ya kutisha: visahani vimevimba, pingili zimesagika, kisahani kimetokeza. Anayasoma na kuamini kwamba mgongo wake umekwisha. Mwaka 2015 yalichapishwa majumuisho ya tafiti za picha zilizopigwa kwa watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 30 walikuwa na kisahani kilichovimba. Kati ya wenye miaka 80, asilimia 84. Hao ni watu wanaotembea, wanalima, wanaswali, hawana habari. Mabadiliko hayo mengi ni ya umri, kama mvi, na yakionekana siku ambayo mgongo umekamata haina maana kwamba ndiyo yaliyousababisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu 10 wenye maumivu ya kiuno, kwa 9 hakuna ugonjwa mmoja mahususi unaoweza kuonyeshwa kuwa ndio chanzo. Kwa hiyo daktari anayekupima kwa mikono, akakuuliza maswali mengi, kisha akasema picha haihitajiki kwa sasa, hajakupuuza.

Saa za mwanzo

Mgongo ukikamata, kazi ya kwanza ni kutafuta mkao unaoupumzisha. Wengi hupata nafuu wakilala chali sakafuni juu ya mkeka au godoro gumu kiasi, miguu imewekwa juu ya kiti ili magoti na nyonga vikunjwe. Wengine hupenda kulala ubavu na mto kati ya magoti. Pumua taratibu kwa tumbo, na kila unapotoa pumzi acha kiuno kizame chini. Dakika 15 au 20 hivi zinatosha kupunguza ile hali ya kuganda.

Kisha joto. Bibi zetu wanaokanda kwa taulo na maji ya moto wako sahihi kwa jambo hili: tafiti zinaonyesha joto hupunguza maumivu ya mgongo katika siku za mwanzo. Taulo iliyokamuliwa au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Maji yawe ya moto wa kuvumilika kwa kiganja. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za ngozi apimiwe na mtu mwingine, maana anaweza kuungua asijue.

Kuinuka kitandani kuna namna yake. Usijikunje kwa mbele. Geukia ubavu, teremsha miguu nje ya kitanda, na huku inashuka jisukume kwa mkono hadi ukae. Chooni pia panahitaji kufikiriwa, na wataalamu wengi husahau kuuliza: choo cha kuchuchumaa ni mateso kwa mtu aliyekamatwa. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kikawekwa juu ya tundu kinatatua shida. Mboga za majani, papai na maji ya kutosha vinasaidia mtu asikamue choo kigumu, kwa sababu kukamua kunauchokoza mkazo upya. Anayeswali anaruhusiwa kuswali amekaa kitini hadi rukuu na sujudu ziwezekane tena bila shida.

Kulala au kutembea

Hapa ndipo mazoea yetu yanapokosea zaidi. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe walimwamuru mgonjwa wa mgongo alale wiki, hata wiki mbili. Mwaka 1986 huko Texas, wagonjwa 203 waligawanywa: baadhi walishauriwa kulala siku 2, wengine siku 7. Waliolala siku 2 walikosa kazi siku chache zaidi kwa karibu nusu, na hawakupata madhara yoyote ya ziada. Mwaka 1995 utafiti wa Helsinki, Ufini, uliwagawa wafanyakazi 186 wa jiji katika makundi matatu: kulala siku 2, kufanya mazoezi maalumu ya mgongo, au kuendelea na shughuli za kawaida kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona haraka zaidi walikuwa wale walioendelea na maisha yao.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito: kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Haina maana kwamba mtu arudi siku ya pili kubeba saruji. Maana yake ni kwamba siku ileile, maumivu yakishapungua makali, asimame na kutembea ndani ya nyumba dakika 3 au 5, apumzike, arudie tena baada ya saa moja. Akiwa amelala chali, magoti yamekunjwa, ayumbishe magoti yote mawili kulia na kushoto taratibu, mwendo mdogo usiofika kwenye maumivu makali. Avute goti moja kuelekea kifuani, kisha jingine. Siku ya pili aongeze. Kujongea kutauma kidogo, na uchungu wa aina hiyo hauna madhara. Unaotakiwa kumsimamisha mtu ni ule unaoshuka mguuni na kuzidi kila anaporudia.

Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki mbili, na walio wengi huwa sawa kufikia wiki ya 6. Ikipita hapo bila maendeleo, aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Tanzania huwasomesha katika hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi, Kenya huwasomesha katika vyuo vya mafunzo ya tiba (KMTC) na vyuo vikuu, na hospitali nyingi za rufaa zinao. Ni wachache kwa mahitaji yetu, lakini wapo, na ziara mbili tatu kwao mara nyingi zina thamani kuliko picha ya MRI.

Dawa, sindano na mikono ya watu

Dawa zina nafasi yake, na nafasi hiyo ni kupunguza maumivu ili mtu aweze kujongea na kulala usiku. Ibuprofeni au diklofenaki, baada ya kula, kwa siku chache, kwa kipimo alichoandika mhudumu wa afya, husaidia kiasi. Zisitumiwe zote mbili pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, presha kubwa, ugonjwa wa figo au moyo, na mjamzito, asizimeze bila kuuliza. Panadoli ni salama zaidi kwa tumbo, ingawa utafiti mkubwa wa Sydney uliochapishwa mwaka 2014 haukuona ikifupisha maumivu: waliopewa dawa na waliopewa vidonge visivyo na dawa wote walipona baada ya takriban siku 17.

Watu wetu wanaamini sindano. Mtu akitoka zahanati bila kudungwa anaona hajatibiwa. Kwa maumivu ya namna hii, dawa ileile ikimezwa hufanya kazi kwa kiwango kinachokaribiana, na sindano ya makalio ikipigwa vibaya inaweza kugonga neva kubwa ya mguu na kumwachia mtu ganzi au mguu unaoburuta. Kama mgonjwa hatapiki na anaweza kumeza, aombe vidonge.

Dawa za kulegeza misuli huvutia kwa jina lake. Mwaka 2015 madaktari wa New York waliwapa wagonjwa 323 wa maumivu mapya ya mgongo dawa ya kutuliza maumivu, kisha wakawaongezea baadhi yao ya kulegeza misuli, wengine ya jamii ya afyuni, na wengine kidonge kitupu. Baada ya wiki moja hapakuwa na tofauti. Dizipamu nayo ilijaribiwa baadaye, matokeo yakawa yaleyale. Dawa hizi hulevya na kusinzisha. Dereva au fundi wa juu ya paa anayezitumia anajihatarisha. Tramadoli na ndugu zake wa jamii ya afyuni huongeza kufunga choo na uraibu.

Kuchua kwa mikono laini, kwa mafuta, kunaweza kutuliza kwa siku chache, na kwa wengi hilo linatosha kuwafanya watembee. Ninachokikataa ni kukanyagwa mgongoni, kuvutwa kwa nguvu na kuvunjwavunjwa pingili na mtu asiyejua kama kuna kifua kikuu cha mfupa au mfupa uliolegea kwa uzee. Hijama, yaani kuchanja ngozi na kuvuta damu kwa vikombe, inapendwa sana pwani. Anayeitaka ahakikishe vyembe ni vipya na vya mtu mmoja. Na dawa za unga au vidonge visivyo na maandishi ya kueleweka, vinavyouzwa kama mitishamba ya mgongo na viungo, viogopwe hasa vikileta nafuu ya ajabu ndani ya saa chache. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya umma kuhusu vidonge vya Artri King vilivyokuwa vikiuzwa kama virutubisho vya viungo: maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, ambazo hazikuandikwa kwenye pakiti.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Sehemu hii ningependa isomwe na kila mtu wa nyumbani, kwa sababu mgonjwa mwenyewe anaweza kuona haya kusema.

Ganzi kwenye sehemu za siri, kinena na makalio, zile sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli; mkojo kushindwa kutoka au kutoka bila kujua; choo kutoka bila kujizuia; miguu yote miwili kulegea. Hata moja kati ya hizi pamoja na maumivu ya mgongo ni dharura ya siku hiyohiyo. Neva za mwisho wa uti wa mgongo huenda zimebanwa, na zisipofunguliwa kwa upasuaji haraka, ulemavu unaweza kubaki maisha yote. Panahitajika hospitali yenye MRI na daktari bingwa wa upasuaji, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi. Zahanati ikitoa sindano ya maumivu na kumrudisha mtu huyo nyumbani, ndugu wasikubali.

Maumivu yanayojenga polepole kwa wiki na miezi, yanayomwamsha mtu usiku, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, yapimwe kifua kikuu. Bakteria wake hula pingili, na daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huo tangu mwaka 1779. Mtu anaweza kuwa nao bila kukohoa hata kidogo. Akicheleweshwa, pingili zinaporomoka, kibyongo kinatokea na miguu inapooza. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali, Tanzania na Kenya, na zikianza mapema mgongo unaokolewa.

Wafugaji, wachinjaji na wanaokunywa maziwa mabichi wana ugonjwa mwingine wa kuuliza, bruselosi. Homa inakuja na kuondoka, jasho jingi, viungo na kiuno vinauma, na mara nyingi mtu ametibiwa malaria na taifodi mara kadhaa bila kupona. Tiba yake ni antibiotiki za wiki 6 au zaidi, na lazima zimalizwe.

Pepopunda nayo hukaza mgongo, na hii ni ya kutisha kweli. Taya hukaza kwanza, mtu hawezi kufungua kinywa, kisha shingo na mgongo vinapinda nyuma, na kelele au mwanga tu unaamsha mkakamao mpya. Alama ya kuulizia ni jeraha la siku zilizopita, la msumari, jembe au kwato, kwa mtu asiyekamilisha chanjo. Shingo na mgongo kupinda saa chache baada ya kunywa au kudungwa dawa ya kuzuia kutapika kama metoklopramidi, au dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli, ni madhara ya dawa yenyewe, na hospitali wana dawa ya kuyaondoa. Mwenye selimundu (sickle cell) akikamatwa na mgongo asidhani ni misuli. Inaweza kuwa damu imeziba kwenye mfupa, aende kituoni kwake.

Waongezwe kwenye orodha hii wenye historia ya saratani, wazee walioanguka hata kidogo, wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, na mwanamume mzee mvuta sigara anayepata maumivu ya ghafla ya mgongo na tumbo pamoja na kuishiwa nguvu.

Isirudi tena

Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba watafika milioni 843 mwaka 2050. Mikanda ya kiunoni haijaonyesha kuwakinga wafanyakazi, na mafunzo ya namna ya kuinua mizigo peke yake hayajaonyesha hivyo pia. Kilichoonyesha ni kutembea. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 701 waliokuwa wametoka kupona. Nusu waliwekewa mpango wa kutembea unaoongezeka taratibu hadi dakika 30, mara 5 kwa wiki, huku wakielekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Wengine hawakupewa kitu. Waliotembea walikaa kwa kawaida siku 208 kabla maumivu hayajawarudia, na wasiotembea siku 112. Maumivu yaliwarudia wengi, lakini nafasi ya kupumua ilikaribia kuwa maradufu, bila dawa na bila vifaa.

Kwa anayekaa kutwa nzima ushauri huo unamtosha. Kwa kuli wa sokoni hautoshi, kwa sababu yeye anatembea tayari, na anatembea chini ya gunia. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mzima usizidi kilo 55. Mfuko wa saruji una kilo 50. Gunia la mahindi lina kilo 90 au 100, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, inapita hapo. Misuli yake inahitaji kuimarishwa, usingizi na kupumzika katikati ya kazi, lakini mzigo wenyewe ndio unaotakiwa kuguswa kwanza: ujazwe kwenye magunia ya kilo 50, au ubebwe na watu wawili, na anayerudi kutoka kwenye mkazo apewe kuhesabu au kushona magunia kwa wiki mbili za kwanza, kisha aanze na nusu ya mzigo aliouzoea.